Gemu ndani ya gemu: kusimamia ngome kunanogesha safari au kunaiharibu?

Hebu fikiria hali hii. Ni saa sita usiku, na kesho una kipindi saa mbili asubuhi. Uko pangoni na wenzako watano. Kuhani wako amebakiwa na dawa moja ya kutibu, shujaa wa mbele anachechemea, na nyuma ya mlango ule pale kuna jibu la swali ulilolifuatilia wiki nzima. Mara inakuja taarifa: huko mjini kwako hazina imekauka, wanakijiji wanalalamika, na mambo mawili yanahitaji uamuzi wako kabla siku hazijaisha. Unatoka pangoni, unarudi nyumbani, unafungua skrini ya ufalme. Dakika arobaini baadaye bado unabofya kadi na kuhesabu bajeti. Ukirudi pangoni, unajiuliza: kwani nilikuwa nakuja kufanya nini huku?

Kama umewahi kucheza Pathfinder: Kingmaker, hiyo picha unaijua. Kuna wanaosema sehemu ile ya ufalme ndiyo iliyoifanya gemu iwe ya kipekee, na kuna wanaosema ndiyo iliyowafanya waifute kwenye kompyuta. Leo tuulize kwa utulivu: usimamizi uliopachikwa ndani ya gemu za RPG za kikosi unazijenga au unazidhoofisha? Na saikolojia ina lipi la kutuambia?

Kwanza tuelewane. RPG ya kikosi ni ile ambayo huongozi shujaa mmoja tu. Unaongoza kundi: kila mmoja na ujuzi wake, hadithi yake na ugomvi wake na wenzake. Gemu ya usimamizi ni ile sehemu ya pembeni ambapo unaacha upanga na kushika daftari. Unakusanya kodi, unajenga kuta, unaajiri askari, unatuma watu kazini.

Si jambo jipya. Suikoden ya Konami, iliyotoka mwaka 1995, ilikupa ngome tupu na wahusika 108 wa kuwakusanya, wazo lililochotwa kwenye riwaya maarufu ya kale ya China. Mwaka 2000 Baldur's Gate II ikampa mchezaji makao yanayolingana na kazi ya mhusika wake: mpiganaji anapata ngome, mwizi anapata genge la kuongoza. Neverwinter Nights 2 ya mwaka 2006 ikaleta Crossroad Keep, ngome unayoikarabati na kuijaza askari kabla ya kuzingirwa. Kisha Pillars of Eternity, iliyochangiwa na mashabiki mwaka 2012 na kutoka 2015, ikaja na Caed Nua. Kingmaker ikafuata 2018. Kwa hiyo wachezaji wenyewe wamekuwa wakiitaka ngome kwa miaka mingi. Swali ni kwa nini wakishaipata, wengi wanaichoka.

Tuanze na upande wa utamu. Mwaka 2012 watafiti Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely walichapisha utafiti walioupa jina la duka la samani: athari ya IKEA. Waliwapa watu kazi ya kuunganisha masanduku, kukunja karatasi ziwe maumbo, na kujenga vitu kwa matofali ya Lego. Waliogundua ni kwamba mtu hukipa kitu alichokiunda mwenyewe thamani kubwa kuliko kitu kilekile kilichoundwa na mwingine, hata kama kazi yake imepinda. Lakini kuna sharti, nalo ni muhimu sana kwetu: kazi lazima ikamilike na ibaki imesimama. Waliokatizwa katikati, au waliojenga kisha kikabomolewa, hawakuonyesha mapenzi yale.

Sasa irudishe hiyo kwenye ngome. Katika Suikoden kila mtu unayempata anaongeza kitu unachokiona kwa macho. Ukimpata mpishi, kuna mpishi. Ukimpata mfanyabiashara, kuna duka. Ngome iliyokuwa magofu inajaa sauti. Hakuna jedwali la kukuambia kwamba umefanikiwa, unatembea tu kwenye korido na kuona. Kazi imekamilika, imesimama, na ni yako. Ndiyo maana watu wanaikumbuka hadi leo.

Upande wa pili sasa. Mwaka 1995 Robert Rogers na Stephen Monsell walionyesha maabara jambo ambalo kila mwanafunzi analijua kwa uzoefu: kubadili kazi kuna gharama. Waliwapa watu kazi mbili nyepesi za kubadilishana, moja ya herufi na nyingine ya tarakimu. Kila walipohama kutoka moja kwenda nyingine, walichelewa na kukosea zaidi. Hata walipojua mapema kwamba zamu inakuja na wakapewa muda wa kujiandaa, gharama ilipungua lakini haikuisha.

Tuwe wakweli: gharama hiyo ya maabara ni sehemu ndogo ya sekunde. Peke yake haiwezi kueleza kwa nini umesahau ulikuwa unafanya nini pangoni. Hapo anaingia Sophie Leroy, ambaye mwaka 2009 aliandika kuhusu mabaki ya umakini. Alichokiona ni kwamba mtu akiiacha kazi kabla haijaisha, sehemu ya akili yake inabaki kule, na kazi inayofuata inafanyika vibaya zaidi. Hata kuimaliza peke yake hakukutosha: waliohama vizuri ni walioimaliza wakiwa chini ya shinikizo la muda. Linganisha na ile hali yetu ya saa sita usiku: umekatizwa mlangoni, jibu liko nyuma ya ubao, na sasa unaambiwa upange kodi. Utaipanga, ndiyo, lakini kwa hasira. Ukirudi, hasira imeisha na hamu nayo imepoa.

Kwa hiyo hukumu ni kwamba usimamizi unaharibu? Hapana, subiri. Kuna gemu zinazokukatiza kila mara na bado watu wanazipenda. Darkest Dungeon ya mwaka 2016 ni mfano. Unapeleka mashujaa wanne shimoni, wanarudi wamechanganyikiwa, na kijijini unalazimika kuamua nani apelekwe baa, nani apelekwe kanisani, nani aachwe na msongo wake. Hiyo ni skrini ya usimamizi kabisa, ina hadi bei. Mbona haichoshi?

Kwa sababu watu ni walewale. Shujaa uliyempeleka kupumzika hayupo wiki hiyo. Kama ndiye mganga wako pekee, basi msafara unaofuata unakwenda bila mganga. Uamuzi wa daftari unageuka jeraha shimoni, na jeraha la shimoni linageuka mstari kwenye daftari. Kwa hiyo hujahama kazi. Bado uko kwenye swali lilelile: nitawafikishaje watu hawa wakiwa hai?

Linganisha na Kingmaker. Pale wenzako wa safari ndio mawaziri wako: huyu jenerali, yule mweka hazina, mwingine kuhani mkuu. Wazo zuri sana! Ukiwauliza jambo, kila mmoja anakushauri kwa tabia yake. Lakini tatizo la ufalme likitokea, unampa waziri kadi, mchezo unarusha dete yenye pande ishirini, na baada ya siku kadhaa unapata jibu. Na wakati huo waziri yuleyule anaweza kuwa nawe pangoni akipiga majitu. Yaani yuko mjini anatuliza fujo, na papo hapo yuko msituni ameshika ngao! Hesabu zinaenda sawa, ila hadithi haiendi. Mtu amegeuzwa namba ya kuongezwa kwenye dete.

Halafu kuna saa. Kupandisha daraja la eneo moja la ufalme, kama uchumi au jeshi, kunakula siku 14 ambazo mtawala lazima akae kwenye kiti chake. Zinapita kwa sekunde chache mbele yako, lakini kalenda ya hadithi kuu nayo inatembea, na baadhi ya mambo yana tarehe ya mwisho. Utulivu wa ufalme ukiporomoka kabisa, gemu inaisha. Kumbuka nadharia ya Daniel Kahneman na Amos Tversky ya mwaka 1979: kupoteza kunauma kuliko kupata kiasi kilekile kunavyofurahisha. Mchezaji anayeogopa kupoteza makumi ya saa haujengi tena ufalme anaoupenda, anakwepa tu maafa. Anafungua miongozo ya mtandaoni na kufuata orodha. Hapo raha ya kuamua imeshakufa.

Na hilo la kuamua si dogo. Mwaka 2006 Richard Ryan, Scott Rigby na Andrew Przybylski walichunguza kinachowavuta watu kwenye gemu. Walikuta kwamba raha na hamu ya kurudi vinaambatana na kiasi ambacho mchezaji anahisi yuko huru kuchagua na kwamba anaweza. Katika michezo ya watu wengi mtandaoni, kuwa karibu na wengine nako kulihesabika. Kama wenzako wa kubuni kwenye skrini nao wanashibisha hamu hiyo ya ukaribu, hilo ni wazo langu, utafiti ule haukulipima. Ila jiulize mwenyewe uliwahi kuchelewa kulala kwa ajili ya nini: kiwango cha kodi, au mwenzako aliyekuwa na siri?

Nakubali, kuna kesi inayochanganya. Mass Effect 2 ya mwaka 2010 inakutaka uzungushe kifaa juu ya sayari kutafuta madini, kazi ambayo wengi huikumbuka kwa miayo. Lakini madini yale ndiyo yanayojenga ngao, mzinga na bamba la chombo chako. Ukipuuza, kwenye safari ya mwisho chombo kinapigwa na mwenzako anakufa mbele ya macho yako. Kwa hiyo kitendo chenyewe kinachosha ila matokeo yake yanabaki moyoni. Caed Nua ilikuwa na kasoro tofauti: mwanzoni majengo mengi yalibaki kuwa manunuzi tu, na watengenezaji wakalazimika kuiongezea uzito mwaka 2016. Nayo Dragon Age: Inquisition ya 2014 iliweka kazi za mezani zinazohesabiwa kwa saa halisi, hata ukiwa umezima mashine. Faida yake ni kwamba haikukatizi. Hasara yake ni kwamba unachofanya zaidi ni kusubiri.

Ukiziweka gemu hizi zote mezani, maswali matatu yanajitokeza. Yatumie unapochagua gemu, na kama uko kwenye darasa la kompyuta unatengeneza ya kwako, yabandike ukutani.

La kwanza: je, watu wa kwenye daftari ndio watu wa kwenye safari, kwa maana ya kweli? Nikimtuma mtu, namkosa?

La pili: je, matokeo nayaona kwa macho, au nayasoma tu kama namba? Ukuta niliojenga uonekane siku ya kuzingirwa, kama Crossroad Keep ilivyojaribu.

La tatu: je, inaniita wakati nimemaliza jambo, au inanivuta katikati? Mapumziko baada ya pango ni mahali pazuri pa daftari. Mlangoni mwa pango sipo.

Gemu ikijibu ndiyo kwa mawili kati ya hayo, usimamizi unaijenga. Ikishindwa yote matatu, ni kazi ya ofisini iliyovalishwa taji.

Vipi kuhusu kile kitufe cha kuuachia mchezo uusimamie ufalme wenyewe? Kingmaker inacho, na Wrath of the Righteous ya 2021, yenye majeshi na vita vyake vya zamu, inacho pia. Wengine wanakiona ni aibu kukibonyeza. Mimi nakiona ni ungamo la watengenezaji. Kama sehemu inaweza kuondolewa na hadithi ikabaki karibu nzima, basi haikuwa imeshonwa humo, ilikuwa imebandikwa. Hebu jaribu kuwazia Suikoden bila ngome. Huwezi, kwa sababu ngome ndiyo kikosi chenyewe kimekaa chini kupumzika.

Kwa hiyo rafiki, ukijikuta saa sita usiku unahesabu kodi za nchi isiyokuwepo, usijione mjinga. Jiulize tu swali moja: katika saa hii iliyopita, nimemfahamu zaidi mwenzangu yeyote? Kama ndiyo, endelea. Kama hapana, bonyeza kile kitufe, rudi pangoni, ufungue ule mlango. Halafu ulale, maana kipindi cha saa mbili hakina kitufe.