Kwa nini turbo imeondolewa kwenye gari la familia

Familia nyingi zinapofikia hatua ya kununua gari, mvutano huwa uleule. Baba anataka Subaru Forester yenye turbo, ile inayopanda mlima ikiwa na watu watano na mizigo bila kulalamika. Mama ana swali moja tu: “Baba watoto, hiyo itakunywa lita ngapi?”

Swali hilo ndilo lililowasumbua pia watengenezaji wenyewe, na majibu yake ni miongoni mwa sababu zilizoiondoa turbo hiyo sokoni.

Forester ilianza kuuzwa Japani mwaka 1997, na turbo ilikuwamo tangu mwanzo. Kwa takriban miaka 20 toleo hilo, ambalo wengi wanalijua kwa herufi XT, lilikuwa chaguo la mzazi anayetaka gari la kubebea watoto lakini hataki kuachana na mwendo. Mwaka 2018, kizazi cha tano kilipozinduliwa, XT haikuwamo. Nchini Marekani XT ya mwisho, modeli ya 2018, ilikuwa na nguvu za farasi 250. Modeli ya 2019 iliyofuata ilikuja na injini moja tu ya lita 2.5 isiyo na turbo, yenye nguvu za farasi 182.

Kwa kutazama namba hizo tu, mtu atasema gari limerudi nyuma. Hesabu za matumizi zinasema mengine.

Inavyofanya kazi

Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Inapozunguka, inasukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Hewa ikiongezeka, mafuta nayo huongezwa, na nguvu inapatikana. Ni kama mapafu ya mkimbiaji: akivuta hewa zaidi anakwenda kasi zaidi, lakini chakula anachohitaji nacho kinaongezeka.

Feni hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, katikati ya joto kali la moshi. Kinachoilinda ni oili safi ya injini. Kwa hiyo gari la turbo linahitaji vifaa zaidi vya kupooza na injini iliyoimarishwa, na hayo yote humwongezea mnunuzi bei.

Sheria za moshi

Sababu kubwa ya mabadiliko ni sheria. Marekani, Ulaya na Japani hupima wastani wa magari yote ambayo kampuni inauza, wala si gari moja moja. Katika Umoja wa Ulaya, kuanzia mwaka 2021 lengo la wastani wa magari mapya lilikuwa gramu 95 za hewa ukaa kwa kilomita. Kampuni iliyozidisha ilitozwa faini ya euro 95 kwa kila gramu ya ziada, ikizidishwa kwa idadi ya magari yake mapya yaliyosajiliwa. Katika hesabu ya namna hiyo, toleo linalokunywa sana huyaharibia hata yale yanayokunywa kidogo.

Vipimo rasmi vya Marekani viliipa XT ya 2018 wastani wa kama kilomita 10.6 kwa lita. Forester ya 2019 isiyo na turbo ilipata kama kilomita 12.3. Kwa familia inayotembea kilomita 15,000 kwa mwaka, hiyo ni tofauti ya karibu lita 195. Zaidi ya hapo, XT ya Japani ilitengenezewa petroli ya oktani ya juu, ambayo ni ghali kuliko ya kawaida.

Wanunuzi wachache

Sababu ya pili ni wateja. XT ilisifiwa sana, lakini wengi waliofika dukani waliondoka na Forester ya kawaida. Kila injini inayowekwa kwenye gari inapaswa kupimwa moshi, kuidhinishwa na kuwekewa akiba ya spea. Gharama hizo zikigawanywa kwa wanunuzi wachache, toleo linakuwa mzigo.

Fedha zikaelekezwa kwingine. Nchini Marekani, Forester zote za 2019 zilikuja na EyeSight, mfumo wa kamera unaomwonya dereva na kufunga breki wenyewe hatari inapotokea mbele. Kwa mzazi mwenye mtoto kiti cha nyuma, hilo lina uzito kuliko nguvu za farasi. Waliohitaji gari kubwa lenye nguvu walipelekwa kwenye Ascent, gari la safu tatu za viti lenye turbo ya lita 2.4.

Japani, nafasi ya XT ilichukuliwa kwa sehemu na mota ya umeme inayoisaidia injini gari linapoondoka. Mwaka 2020 turbo ilirudi kwenye Forester ya nchi hiyo, lakini ikiwa ya lita 1.8 na ya kutumia petroli ya kawaida. Nguvu zake ni farasi 177, wakati XT ya mwisho ya huko ilikuwa na 280. Safari hii turbo imewekwa ili injini ndogo itoshe, si kwa ajili ya mbio.

Anayenunua iliyotumika

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki habari hii haiko mbali, kwa sababu XT nyingi zilizopo barabarani kwetu zilitoka Japani zikiwa zimetumika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hivyo hata XT za 2018 hazikwepi ukomo huo. Tanzania inaruhusu, ila gari lililozidi umri huo hutozwa ushuru wa ziada. Kadiri miaka inavyokwenda, zitakazobaki ni zile ambazo zimeshapita mikononi mwa watu kadhaa.

Kwa anayeitaka bado, jambo la kwanza ni kumbukumbu za kubadilisha oili, kwani oili chafu huziba njia nyembamba zinazoifikia turbo. Injini iwashwe ikiwa ya baridi na bomba la moshi liangaliwe: moshi wa rangi ya bluu ni dalili kwamba oili inaungua. Mlio mkali wa filimbi usiokuwa wa kawaida uchunguzwe na fundi anayezijua turbo kabla fedha hazijatolewa. Na baada ya mlima au safari ndefu, injini iachwe ingurume taratibu kwa dakika moja au mbili ndipo izimwe.

Baba anaweza kuipata turbo yake. Ila kabla ya kulipa, swali la mama lijibiwe kwa kalamu na karatasi: mafuta ya mwezi, oili, na akiba ya kubadilisha turbo siku itakapokufa. Ikiwa jumla hiyo inagusa ada za watoto, Forester isiyo na turbo nayo itawafikisha shuleni saa ileile.