TANGAZO LAKO LINASOMEKA, AU NI PICHA BUBU?

Leo nina neno na nyie vijana wa stesheneri, mafundi wa tovuti na maadmini wa magrupu ya WhatsApp hapa Mtwara, kuanzia Shangani mpaka Mikindani.

Chukua bei ya korosho. Mnada ukiisha tu, karatasi ya bei inapigwa picha na kurushwa kwenye grupu. Wewe unaisoma fasta. Je, mkulima asiyeona ataisomaje?

Usicheke! Wasioona nao wanatumia simu za kupangusa kama yako. Simu za Android zina TalkBack, programu inayomsomea mtu kwa sauti kila anachogusa. Kwenye kompyuta kuna NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, kisha akaungana naye mwenzake asiyeona, James Teh. Hiyo inapatikana bure kabisa.

Kimeo ni kwamba programu hizi zinasoma maandishi. Zikikutana na karatasi iliyopigwa picha au kuskaniwa, mara nyingi zinaishia kusema "picha", basi. Zipo zinazojaribu kukisia herufi, lakini jedwali likipigwa muhuri juu yake, tarakimu zinavurugika. Hapo mwenzetu inabidi atafute mtu wa kumsomea. Bei ya korosho sawa, lakini majibu ya hospitali je? Taarifa ya benki je? Siri iko wapi tena?

Dawa yake haina gharama. Ukituma picha ya tangazo, chapa maneno yale yale chini yake. Barua uliyoiandika kwenye Word, itume hiyo hiyo au ihifadhi moja kwa moja kuwa PDF. Usiiprinti halafu ukaiskani. Na wewe fundi wa tovuti, kila kitufe kipe jina, la sivyo simu itaimba "kitufe, kitufe" bila kusema cha nini. Picha nazo ziwekee maelezo mafupi.

Tena hii siyo hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kupata habari ni haki yao kama ilivyo yako.

Jaribu leo: washa TalkBack, fumba macho, fungua tangazo uliloliandaa mwenyewe. Likikaa kimya, usiilaumu simu. Mwenye kazi ya kurekebisha ni wewe!