Mashine ya Kuparaza Kimea, kwa Mtama wa Njinjo

Mashine ndogo za kuparaza kimea, zile ambazo wapenda bia wa Ulaya na Marekani hujiundia majumbani, zimebuniwa kwa ajili ya shayiri. Chukua mchoro wake, umpelekee fundi wa kuchomelea wa Njinjo, wilayani Kilwa, naye atakuundia kitu cha kupendeza kitakachokwama siku ya kwanza ukimimina mtama. Kosa si la fundi. Punje ya shayiri imevaa ganda, na ganda hilo likibaki zima baada ya kuparazwa ndilo linalogeuka chujio: majimaji matamu hupenya katikati yake na kuacha machicha nyuma. Kwa hiyo mashine ya shayiri huundwa ili ibane punje kwa upole, kiini kipasuke na ganda lisichanike. Mtama ukishapurwa hauna ganda la kulinda. Chujio letu ni kung'uto au kitambaa, na kazi ya mashine yetu ni moja tu, kuvunja.

Nasema yetu kwa maana pana. Wilaya ya Kilwa walio wengi ni Waislamu, na nyumba nyingi za bonde la mto Matandu hazipiki pombe kamwe. Lakini kimea kinachoumua komoni ndicho hicho hicho kinachotia utamu kwenye togwa, na togwa haibagui nyumba. Anayetaka kuuza pombe ya kienyeji ajue kwamba leseni inadaiwa tangu sheria ya vileo ya mwaka 1968. Gongo ni marufuku kabisa na simo humo.

Mtu atauliza, mashine ya kijiji ipo, ya nini kuhangaika? Ile mashine ya nyundo ni nzuri kwa debe la mahindi. Kwa kilo mbili za kimea ni hasara: sehemu ya unga wako hubaki ndani, na unaotoka umechanganyika na wa aliyetangulia. Kimea ambacho hakijakauka barabara huziba chekeche, na mwenye mashine hatakushukuru. Halafu unga wa kimea haufai kukaa sana. Ukishasagwa mafuta ya kiini huanza kuchacha, ilhali punje nzima kavu hudumu kwa miezi. Anayepika kidogo kidogo anahitaji kusaga kidogo kidogo.

Kabla ya chuma, tuelewane kwa nini punje ivunjwe. Mtama uliolowekwa usiku kucha na kuachwa uote kwa siku tatu hadi tano huzalisha vimeng'enya, ambavyo kazi yake ni kuukatakata wanga kuwa sukari. Maji yasipofika kwenye wanga, vimeng'enya havina pa kushika. Hapa mtama unatofautiana tena na shayiri. Wanga wa shayiri hulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, palepale vimeng'enya vinapofanya kazi vizuri. Wanga wa mtama hungoja hadi nyuzi 68 au zaidi, na kufikia hapo baadhi ya vimeng'enya vimeanza kufa. Wapikaji wa togwa walilitatua jambo hili zamani bila kipimajoto: unapika uji kwanza, unauacha upoe mpaka kidole kivumilie kwa kuhesabu moja, mbili, ndipo unatia kimea. Uji mzito unageuka maji huku unauangalia. Kimea kilichoparazwa vibaya, chenye punje nzima nyingi, hufanya kazi hiyo nusu nusu, na watu hulaumu mbegu.

Sasa mashine. Ni magurudumu mawili ya chuma yaliyolala sambamba, yanayozunguka kuelekeana, na punje hupita katikati. Siri iko kwenye unene wa magurudumu. Punje ya mtama ina milimita 4 hivi, nasi tunataka ipite kwenye uwazi wa milimita 0.6. Gurudumu likiwa jembamba, punje hukutana na chuma kwa pembe kali na kuruka juu badala ya kushuka. Bomba la inchi 1, ambalo kwa nje lina milimita 33, huikabili punje kwa pembe ya digrii 25. Bomba la inchi 2, lenye milimita 60 kwa nje, kwa digrii 19. Ili punje inaswe kwenye pembe ya kwanza, msuguano wake na chuma ungepaswa kukaribia nusu ya nguvu inayoibana. Kwenye ya pili theluthi inatosha, na hicho ndicho takriban ambacho nafaka kavu hupata kwenye chuma laini. Kwa hiyo inchi 2 ndiyo mwanzo, tena kwa kuchimbiwa mifereji ili pasiwe na ubishi.

Tumia bomba jeusi. La mabati lina zinki, na moshi wa zinki wakati wa kuchomelea humpa fundi homa. Kata vipande viwili vya sentimita 15, chomelea visahani kwenye ncha na upitishe shafti laini ya milimita 20 katikati. Nondo haifai, ina makovu. Hapa ndipo mashine nyingi za nyumbani hufa. Shafti ikikosea kitovu kwa nusu milimita tu, uwazi utapanuka na kubana kwa milimita nzima kila mzunguko: upande mmoja unga, upande mwingine punje nzima. Mwenye fundi wa kukereza karibu ampelekee. Asiye naye afunge gurudumu kwenye fremu yake, aifunge grinda imara pembeni ikiligusa kidogo tu, kisha alizungushe gurudumu kwa mkono polepole mpaka cheche zitoke pande zote sawasawa. Ni kazi ya kuchosha. Usiiruke. Ukimaliza, chora kwa diski mifereji ya mshazari yenye kina cha milimita moja, ikiachana kama milimita tano.

Gurudumu moja ndilo linalozungushwa kwa mkono, lenye mpini wa sentimita 30 hivi. La pili hufuata lenyewe, likisukumwa na nafaka inayopita. Hili la pili likae kwenye matundu marefu ili boliti mbili zilisogeze. Kipimo cha uwazi hakihitaji duka: wembe wa msumeno wa chuma una unene wa kama milimita 0.6. Pitisha nafaka mara ya kwanza kwenye uwazi wa nyembe mbili, kisha mara ya pili kwenye wembe mmoja. Mkono hautachoka sana na zitatoka chenga zenye unga kidogo, bila punje nzima. Kwa pombe ya kuchuja zinatosha. Kwa togwa ya kunywa bila kuchuja, malizia kwenye kinu au jiwe. Dakika chache, si asubuhi nzima.

Beringi za baiskeli zinafaa, ila girisi yake hutafuta njia ya kuingia kwenye chakula. Mimi nina mapenzi na mbao. Wilaya hii ni ya mpingo, mti ambao ukiutia majini unazama na ambao kiini chake kina mafuta yake chenyewe. Kipande chake kilichotobolewa na kulowekwa kwenye mafuta ya kupikia kinaweza kuishika shafti kwa muda mrefu. Mabaki yapo kwa mafundi, na yapatikane kihalali: misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, humuhumu Kilwa, ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu mwaka 2009, ya kwanza kwa misitu ya asili inayomilikiwa na jamii barani Afrika. Ingekuwa aibu kuwapita hao na kununua gogo la wizi.

Wapo watakaotaka kufunga pedeli. Si wazo baya. Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa Arusha, alipata jina kwa kugeuza baiskeli kuukuu kuwa chaja za simu na vitendea kazi vya karakana. Kwa kilo mbili, hata hivyo, mpini unatosha. SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi, ina ofisi Lindi mjini kwa atakayetaka kuunda za kuuza.

Kwa ulezi sahau yote niliyosema. Punje yake haifiki milimita mbili. Kwenye wembe mmoja haitavunjika vya kutosha, na ukibana zaidi magurudumu yatasuguana. Kimea cha ulezi, ambacho wapikaji wengi wa togwa hukipenda kuliko cha mtama, bado ni cha jiwe. Sijaona mashine ya nyumbani inayolishinda.

Jambo la mwisho halihusu chuma. Chipukizi na mizizi ya mtama uliooteshwa vina kemikali inayotoa sianidi, kwa hiyo kimea kikishakauka kifikichwe na kupepetwa kwa ungo kabla ya kuparazwa. Kisha kinuse na ukitazame. Mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa kwenye nafaka iliua watu Dodoma na Manyara, na kuchemsha hakuiondoi. Mwezi Januari 2015, katika kijiji cha Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, pombe iliyonywewa baada ya mazishi iliua watu 75. Wengi walisema imetiwa nyongo ya mamba. Maabara zilikuta kitu kingine: sumu ya bakteria waliomea kwenye unga wa mahindi uliolowa kwenye mafuriko, sumu ambayo moto wa jikoni hauigusi.

Kilwa inayajua mafuriko. Yale ya Januari 2020 yaliua watu wilayani, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaikata barabara kuu ya kusini. Maji yakishuka, majunia ya nafaka iliyolowa huwa hayauziki wala hayaliki kama ugali, na shauri jepesi huwa kuyageuza pombe, kwa kuwa pombe, husemwa, itaua kila kitu. Pombe ya asilimia tatu au nne haiui hata robo ya hivyo, na sumu iliyokwisha tengenezwa haiishughulishi kabisa. Nafaka iliyoota kwa mafuriko si kimea. Kimea ni mbegu kavu, safi, iliyolowekwa kwa maji uliyoyachagua wewe na kukaushwa mara tu chipukizi lilipofika urefu unaoutaka. Ile nyingine izikwe, na kuku wasipewe.