Shule Imehamia Sebuleni, Ndoa Je?

Mwaka wa kwanza wa kuwasomesha watoto nyumbani, mimi nilikuwa mkaguzi. Narudi kazini saa kumi na mbili jioni, hata viatu sijavua, nauliza: "Haya, leo mmesoma nini?" Mke wangu alikuwa ameshinda akimfundisha Neema wa miaka 9 na mdogo wake wa miaka 6, kapika, kafua. Siku moja akanitazama, akasema taratibu: "Baba Neema, wiki ijayo mwalimu ni wewe."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tunaishi Houston, Texas, ambako kusomesha watoto nyumbani si jambo la ajabu. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya jimbo hili iliamua kwamba shule ya nyumbani ihesabiwe kama shule binafsi. Mzazi hahitaji cheti cha ualimu. Anatakiwa awe na mtaala na afundishe kwa dhati kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Kisheria ni rahisi. Kazi iko ndani ya nyumba!

Basi nikachukua likizo ya wiki moja. Jumatatu nikabandika ukutani ratiba ya saa saba, kama ya shule. Ilipofika saa nne asubuhi, mdogo alikuwa chini ya meza, Neema analia kwa sababu ya hesabu za sehemu, nami nafoka mpaka najishangaa. Alhamisi usiku nilimfuata mke wangu jikoni, nikamwomba msamaha. Tuliongea mpaka usiku wa manane. Haya ndiyo tuliyokubaliana:

Gaweni masomo. Hesabu ni zangu, saa moja asubuhi kabla sijaenda kazini. Kiingereza na sayansi ni za mama. Kiswahili ni cha wote, mezani wakati wa chakula, maana hatutaki watoto washindwe kuongea na bibi yao kwenye simu.

Punguzeni saa. Mwalimu wa darasa zima ana watoto wengi wa kuwasubiri, wewe una wawili. Kwa umri wa wanetu, saa tatu za utulivu zinatosha. Zinazobaki ni za kusoma hadithi, kucheza na kazi za mikono.

Tumieni vilivyopo. Zile sehemu zilizomliza Neema zilieleweka kwa chapati. Ukiikata vipande vinne, ukaweka viwili pamoja, mtoto anaona mwenyewe kwamba robo mbili ni nusu. Halafu anakula somo lake!

Andikeni. Tuna daftari moja: tarehe, somo, ukurasa, na kilichogoma. Litasaidia siku watoto wakirudi shule ya kawaida. Na mimi sasa nalisoma kimya kimya badala ya kuhoji mtu mlangoni.

Watoeni nje. Mtoto anahitaji watoto wenzake. Wetu wana siku ya maktaba, siku ya mpira, na siku ya kukutana na familia nyingine zinazosomesha nyumbani.

Mwalimu apumzike. Jumamosi asubuhi watoto ni wangu, mama aende anakotaka bila kuulizwa. Ijumaa usiku ni yetu wawili, na habari za shule ni marufuku.

Wenzangu mlioko Tanzania, msije mkamwachisha mtoto shule kwa sababu ya makala hii. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inawataka wazazi wawaandikishe shule watoto waliofikia umri. Ila kazi za nyumbani mnazo, na likizo mnazo. Je, nani hukaa na mtoto na daftari lake usiku? Kama ni mmoja tu kila siku, na mwingine kazi yake ni kuuliza matokeo, basi kuna mkaguzi nyumbani kwenu.

Hatujawa familia ya mfano. Kuna siku tunafunga vitabu saa tatu asubuhi kwa sababu kila mtu kanuna. Siku kama hiyo si kushindwa, kesho tunaanza upya.

Lakini jioni nikirudi, navua viatu kwanza. Kisha nauliza: "Mama Neema, umeshindaje?" Na nakaa chini kusikiliza jibu.