Ganzi ya Viganja Usiku

Wako mama zetu wa Matombo, Kinole na Mgeta, walimao kwa jembe la mkono katika miteremko ya Uluguru, ambao huamka usiku wakikung'uta viganja. Gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete hufa ganzi. Kidole cha mwisho husalimika. Husemwa ni baridi, au hasadi. Tusikimbilie huko. Ndani ya kifundo cha mkono mna njia nyembamba ipitayo neva moja na kano tisa za kukunjia vidole. Pakivimba, neva hubanwa. Kisukari huchangia, na ujauzito pia, ingawa wa ujauzito mara nyingi huisha baada ya kujifungua.

Wataalamu wa fiziotherapia huanza na banzi la kukinyoosha kifundo, livaliwalo usiku kwa majuma kadhaa, kwani usingizini twakikunja bila kujua. Kisha hufundisha kutelezesha kano: vidole vinyooke, vipindwe kama ndoana, vifumbwe ngumi, polepole, pasipo maumivu. Kuchua kwa nguvu, tunavyopenda, hakuipanui njia ile.

Twaulizwa kuhusu swala. Banzi hili huvulika, basi livuliwe kwa udhu wa Alfajiri; kupangusa juu ya jabira ni kwa ambaye kuivua kwamdhuru. Na ambaye kuegemea viganja katika sijida kwamtesa, asujudu kwa kadiri awezavyo.

Nyama ya chini ya gumba ikianza kusinyaa, au vikombe vikimponyoka mtu mkononi, asingojee banzi. Aende hospitali mapema. Huenda akahitaji upasuaji mdogo wa kuifungua njia hiyo.