Likoni: Walipigwa wakikimbilia kutii

Amri ya serikali inapotolewa, je, umewahi kujiuliza ni nani huitii kwa urahisi na ni nani huitii kwa shida?

Chukua mfano wa Ijumaa, Machi 27, 2020. Siku 14 zilikuwa zimepita tangu Kenya itangaze mgonjwa wake wa kwanza wa korona, na kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ilikuwa ianze siku hiyo. Mjini Mombasa, watu waliofanya kazi kisiwani waliharakisha kurudi makwao. Wa Kisauni walikuwa na daraja la Nyali, wa Changamwe walipitia Makupa. Wa Likoni alikuwa na feri tu, na feri haiongezi mwendo kwa sababu abiria ana haraka.

Umati ukafurika kivukoni. Kabla ya saa moja kufika, polisi wakawarushia vitoa machozi na kuwacharaza virungu. Wengine walilazimishwa kukaa chini wakiwa wamebanana, wakikohoa na kufuta macho kwa mikono ileile waliyokuwa wameonywa wasiipeleke usoni.

Kinachouma zaidi ni kwamba hawa hawakuwa wakaidi. Walikuwa wakikimbilia kutii!

Aprili 1, Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba Wakenya radhi kwa jinsi polisi walivyopita kiasi. Hilo lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, kafyu iliendelea hadi Oktoba 20, 2021, na katika muda huo mwananchi alitakiwa avae barakoa, akubali kupimwa, kisha achanjwe. Hayo hayafanyiki kwa kirungu. Yanataka amwamini anayemwambia, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mwaka huohuo wa 2020, serikali ilijenga daraja la waenda kwa miguu linaloelea majini, kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu, ili kupunguza msongamano wa feri. Kumbe lililokosekana ni njia, wala si utiifu.

Nawe mzazi, kabla hujamchapa mwanao kwa kuchelewa kurudi kutoka shuleni, muulize kwanza: "Matatu ilipatikana saa ngapi?" Huenda alikuwa akikimbilia kukutii.