Majirani Ndio Wazimamoto wa Mwanzo: Mazingatio kutoka Bonde la Kilombero

Shughuli za zimamoto si miongoni mwa mambo ya Muungano. Kwa sababu hiyo Zanzibar ina Kikosi chake cha Zimamoto na Uokozi, na Tanzania Bara ina Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2007. Kabla ya sheria hiyo, huduma ya zimamoto Bara ilitawanyika katika mamlaka za miji, viwanja vya ndege na bandari. Juu ya tofauti hizo, pande zote mbili zinafanana kwa jambo moja: gari la zimamoto aghalabu huwekwa mjini, ilhali moto huwaka popote. Ni wajibu, basi, wananchi wa vijijini wafahamu la kufanya kabla gari halijawasili. Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, ni mfano ulio wazi.

Ifakara, mji mkubwa wa bonde hilo, uko zaidi ya kilomita 200 kutoka Morogoro mjini. Kwa upande mmoja imesimama milima ya Udzungwa, na kwa upande wa pili nyanda za juu za Mahenge. Katikati umelala uwanda wa mafuriko wa karibu kilomita za mraba 8,000, ambao mwaka 2002 uliingizwa katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar. Wakati wa masika uwanda huo hufunikwa na maji. Lakini kati ya Juni na Oktoba majani yake marefu hukauka, na cheche moja hutosha kuyawasha. Isitoshe, kabla ya kuwepo daraja la mita 384 juu ya Mto Kilombero, gari lililotoka Ifakara kwenda upande wa Ulanga lilipaswa kusubiri kivuko. Moto hausubiri kivuko.

Sababu za moto bondeni zinajulikana: usafishaji wa mashamba, uwindaji, urinaji wa asali na uchomaji wa mkaa. Huko Kidatu, miwa huchomwa kwa makusudi ili kuondoa majani kabla ya kuvunwa. Moto huo ukiponyoka, huunguza miwa ya jirani isiyokomaa, na muwa ulioungua hauna budi kufikishwa kiwandani upesi kwa kuwa sukari yake hupungua kila siku. Kwa mkulima wa mpunga hasara ni kubwa zaidi: lundo likiungua, chakula cha mwaka mzima na ada za skuli za watoto huteketea kwa saa moja.

Kujitolea kuzima moto si jambo geni duniani. Mwaka 1736, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, Benjamin Franklin na wenzake waliunda chama cha majirani cha kuzima moto. Vifaa vyao havikuwa vya fahari: kila mwanachama aliwajibika kuweka tayari ndoo za ngozi za kuchotea maji, na mifuko ya kuokolea mali. Nguvu ya chama ile haikuwa katika ndoo, bali katika makubaliano: kila mtu alijua zamu yake kabla ya moto kuwaka.

Vifaa vya kijiji cha Kilombero navyo si vigeni kwa mkulima. Jembe na fyekeo hutumika kusafisha njia ya kuzuia moto pembezoni mwa shamba, na kazi hiyo hufanywa mapema, majani yakiwa bado mabichi. Matawi mabichi hutumika kupigia miali iliyo chini. Bomba la kupulizia dawa, la kubeba mgongoni, likioshwa vyema na kujazwa maji, huzima vijinga vilivyobaki. Ndoo za maji na mchanga huwekwa karibu na nyumba za nyasi.

Namna ya kuukabili moto ina adabu zake. Watu huitwa kwa yowe, na mmoja huchaguliwa kuongoza. Watoto, wazee na wagonjwa huondolewa kwanza, kisha mali. Wazimaji huanzia ubavuni, penye ardhi iliyokwisha kuungua, wala hawasimami mbele ya upepo wala juu ya mteremko, kwani moto hupanda mlima kwa kasi. Moto ukizimika, walinzi hubaki hadi majivu yapoe.

Hata hivyo, upo moto usiokaribiwa. Tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakalikusanyikia, nalo likalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Penye petroli iliyomwagika, kazi ya anayejitolea ni moja tu: kuwaondosha watu mbali na kuarifu wahusika. Kwa Tanzania Bara, namba ya dharura ya zimamoto ni 114.

Kwa wakaazi wa visiwani, ambako nyumba na hoteli nyingi za pwani zimeezekwa makuti, mazingatio ni yale yale. Wananchi wanakumbushwa kukubaliana mapema katika kila mtaa na kijiji: nani ataongoza, maji yatachotwa wapi, na nani atawatoa wasiojiweza. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na makubaliano hayafanywi moto ukiwa umekwisha kufika paani.